Dabal, Nusu Fuli, Nyeupe

Jumatatu, 19 Mei 2025

Daftari hili lilikuja bure pamoja na kalenda za kampuni ya matairi. Carol, ambaye tunakaa naye chumba kimoja hapa Ruwi, Maskati, ndiye aliyenishauri niandike humu badala ya kumnung'unikia yeye kila jioni. "Jerusha," aliniambia, "mimi nimesimama saluni tangu asubuhi. Hata masikio yangu yamechoka." Haya basi, naandika.

Tangu Machi nauza pikapu kubwa za Kimarekani kwenye duka moja la magari huko Ghala, katikati ya gereji. Kabla ya hapo nilikuwa keshia wa supamaketi na nilidhani kuuza magari ni kukaa. Kiwandani wameyapa madaraja ya magari haya majina marefu ya mashambani kwao, na mteja hata mmoja hayatumii. Hapa Maskati gari ni la namna tatu: standadi, nusu fuli na fuli. Standadi ina viti vya kitambaa na usukani, imekwisha. Fuli ina kila kitu, mpaka kiti cha kukukanda mgongo. Nusu fuli ndiyo inayonimaliza, kwa sababu ina paketi za kuongezea: ya starehe, ya kuvuta tela, ya safari. Kila mteja anataka kipande cha hii na kipande cha ile, haiwezekani, na wa kueleza kwamba haiwezekani ni mimi.

Leo mchana ameingia mzee mmoja wa kanzu nyeupe na kofia, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Alinisalimu kwa Kiarabu, akasoma jina langu kwenye beji, akahamia Kiswahili papo hapo.

"Wewe wa Mombasa?"

Nikamwambia wa Voi.

"Voi," akasema. "Treni ikipita hapo."

Akatoa futi ya chuma mfukoni, ile ya mafundi inayojivuta yenyewe, akainama akapima kutoka sakafuni mpaka kizingiti cha mlango wa abiria. Akaandika. Akaenda gari la pili, akapima, akaandika. Yako manane na aliyapima yote. Mwisho akasema anaitwa Harub, akaomba brosha, akaenda zake.

Wa namna hii nimeshawaona. Huja kuota baridi ya esi.

Jumanne, 20 Mei

Jana nilisahau kuandika joto. Nyuzi arubaini na tatu. Leo pia.

Alhamisi, 29 Mei

Mzee wa futi amerudi. Brosha yetu ameijaza penseli kama mwalimu aliyesahihisha mtihani. Saa mbili nzima tumelinganisha kiti cha abiria cha standadi na cha nusu fuli. Gari lenyewe hakuliulizia. Injini hakuiulizia. Ni kiti, mlango, na kimo cha mlango.

Anataka ngazi ya umeme, ile inayojishusha mlango ukifunguliwa. Kwenye nusu fuli huipati ila uchukue paketi ya safari. Paketi ya safari inakuja na magurudumu makubwa, na magurudumu makubwa yanainua gari. Nilimweleza hayo polepole, nikiona aibu kana kwamba ni mimi niliyeyapanga.

"Kwa hivyo," akasema, "n'napewa ngazi ya kupandia urefu ulokuja na hiyo ngazi."

"Ndiyo, mzee."

"Nani kafikiri hivi?"

"Wamarekani, mzee."

Nikamwambia fuli ina ngazi bila magurudumu makubwa. Akasema fuli ina paa la kioo, na mke wake hataki jua la utosini. Nikamwambia paa lina pazia. Akasema pazia huharibika.

Muatasim, mwenzangu wa Kiomani wa meza ya pili, ameuza magari mawili katika saa hizo mbili. Bosi wetu Safwan alinitazama kupitia kioo cha ofisi yake. Mkataba wangu unaisha mwisho wa Septemba, na wa kusema ndiyo au hapana ni yeye.

Jumatano, 4 Juni

Kesho Arafa. Watu wananunua mbuzi, hawanunui magari. Mzee Harub amepiga simu kuuliza kama kiti cha standadi kinaweza kutiwa feni ya kupoza baadaye. Hakiwezi. Akauliza kama nina uhakika. Nina uhakika.

Jumapili, 8 Juni

Mama amepiga kutoka Voi. Unarudi lini? Mwezi ujao, mama. Huu ni mwaka wa tatu nasema mwezi ujao.

Jumatatu, 16 Juni

Leo amekuja na mkewe, Bi Mahbuba. Mama wa makamo ya bibi yangu, mtandio wa buluu, uso mchangamfu, magoti yamekwisha yote mawili. Tulimpandisha kiti cha abiria, mimi nikimshika huku na mumewe kule. Alipokwisha kukaa alipumua kwanza. Kisha akapapasa kiti na kusema kizuri. Mzee Harub akasema vya nusu fuli ni vizuri zaidi. Tukamshusha, tukampandisha cha nusu fuli. Akasema kizuri. Mzee akauliza, kizuri kuliko kile? Bi Mahbuba akamwambia, "Baba Nawar, kiti ni kiti."

Mzee alipokwenda kuchungulia chini ya gari na Muatasim, nikamkalisha mama kwenye sofa nikamletea kahawa.

"Keshakwambia gari ya nini?" akaniuliza.

"Hajaniambia, mama."

"Ya kunipeleka Jabal Akhdar, kwa dada yangu."

Dada anaitwa Jawaher. Wamezaliwa Wete wote wawili, wakarudi Omani mwaka sabini na mbili. Jawaher akaolewa na binamu yao huko mlimani, Mahbuba akabaki Maskati akafanya kazi ya kupokea simu. Mume wa Jawaher ameshakufa. Watoto na wajukuu wanasema Kiarabu tu. Kwa miaka hamsini, wa kusema naye Kiswahili amekuwa mdogo wake Mahbuba peke yake, kwenye simu, kila siku baada ya alasiri.

"Tangu Ramadhani hanisikii," Bi Mahbuba akasema. "Nnasema, yeye eh? Nnarudia, eh? Mwisho anakata, na mimi najua analia. Lazma nkakae naye, nimsemee sikioni."

"Utakaa siku ngapi?"

Akamtazama mumewe, ambaye wakati huo miguu yake tu ilionekana.

"Nikipanda, mwanangu, sishuki upesi. Magoti haya si ya safari mbili."

Nikauliza kwa nini wasikodi gari. Akasema mzee hataki: mkewe hapandishwi jabali na dereva wa kukodi. Yuko mpwa mwenye gari, hamtaki pia, anakwenda mbio. Lazima liwe gari lake, na lazima liwe lile analolitaka, na analolitaka hajalijua; kila akiulizwa husema bado analinganisha.

Mpaka leo nilimwona Mzee Harub mchoshi tu. Leo nimemwona mbinafsi. Bibi kizee yuko juu ya mlima anasema eh, eh, na huyu anapima vizingiti.

Jumanne, 17 Juni

Nyuzi arubaini na sita. Usukani wa magari ya uani haushikiki. Sijauza.

Jumanne, 24 Juni

Mzee Harub, simu: tofauti ya spika sita na spika kumi.

Jumatano, 25 Juni

Mzee Harub, simu: spika sita zinatosha, Mahbuba hasikilizi redio.

Jumatano, 2 Julai

Ameagiza. Sikuamini, nilidhani amekuja na swali jingine. Ameketi mbele yangu, mikono juu ya brosha, brosha yenyewe imechanika pembe zote, akasema: "Nnataka dabal, nusu fuli, nyeupe. Paketi ya starehe."

"Dabo, mzee?"

"Dabal."

Nikaandika: kebini mbili, milango minne, nusu fuli, nyeupe, paketi ya starehe. Ngazi ya umeme ameiacha. Gari kama hilo halipo uani, inabidi lije kwa meli, wiki sita hivi. Nikamchapia fomu, kurasa nne. Wateja wengine hutia sahihi wakiongea na simu. Yeye alivaa miwani akasoma kila mstari, kidole kinatembea chini ya maneno. Ukurasa wa pili kidole kikasimama, kikakaa hapo.

"Kuna tatizo, mzee?"

Akaomba maji. Nikamletea. Akayanywa yote, akatia sahihi ukurasa wa pili, wa tatu na wa nne.

Safwan amenipongeza mbele ya watu. Nimerudi Ruwi na basi nimelala mdomo wazi, nikapita kituo changu.

Jumamosi, 12 Julai

Bi Mahbuba amepiga: "Gari imefika wapi, mwanangu?" Iko baharini, mama.

Jumanne, 15 Julai

Mzee Harub amepiga: anaweza kubadilisha mazulia ya miguu, yawe ya mpira? Anaweza, lakini fomu itarudi nyuma na gari litachelewa. Akasema si neno. Nikamwambia nitayabadilisha mwenyewe likifika, bila kugusa fomu. Hakufurahi nilivyotarajia.

Jumatano, 23 Julai

Bi Mahbuba: imefika wapi? Baharini, mama.

Jumapili, 3 Agosti

Bi Mahbuba. Baharini. Dada yake ameacha kupokea simu kabisa, anampa mjukuu.

Jumapili, 17 Agosti

Limefika, limeoshwa, wamelichukua. Bi Mahbuba alikuja na sanduku lake tayari, ingawa safari ni keshokutwa. Nilimwambia angeliacha nyumbani. Akasema anataka lizowee gari. Ametia nguo za baridi, karafuu, na dawa za miezi mitatu. Alinishika uso kwa mikono miwili akaniombea dua ndefu kwa Kiarabu, sikuelewa hata neno, nikasema amina.

Mzee Harub alilizunguka gari mara mbili, akanishukuru kwa adabu, akaliwasha. Nilidhani atakuwa na furaha. Alikuwa na uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Jumanne, 19 Agosti

Sitaki kuandika ya leo lakini nisipoyaandika sitalala.

Saa tatu asubuhi simu ikalia, Bi Mahbuba. Walikuwa Birkat al-Mawz, kwenye kituo cha polisi chini ya mlima, pale njia inapoanza kupanda.

"Jerusha, mwanangu, askari anasema gari yetu siyo dabal."

"Ni dabo, mama. Ina milango minne, mwonyeshe."

Nikamsikia akimwambia askari kwa Kiarabu, na nikamsikia askari akicheka, si kwa ubaya. Muatasim alikuwa amesimama kando yangu. Akanitazama, akaichukua simu mkononi mwangu akaongea na askari, kisha akaiweka mezani taratibu.

"Jerusha. Dabal ni nini?"

"Kebini mbili."

"Kwenu, labda. Kwetu dabal ni gari inayovuta kwa magurudumu manne. Vijana wanasema fo-wili. Wazee wanasema dabal."

Nikafungua faili. Ukurasa wa pili, nusu ya karatasi: mvuto, magurudumu mawili ya nyuma. Nilikuwa nimeangalia milango tu. Mashine, ukichagua kebini mbili nusu fuli bila kusema zaidi, inajaza mawili yenyewe. Gari la namna hiyo polisi hawaliruhusu kupanda Jabal Akhdar, kwa sababu ya mteremko, na jambo hili kila mtu Omani analijua, hata mimi nalijua. Miezi mitano nimekuwa nikisikia dabal na masikio yangu yananiambia dabo.

Nikampigia Bi Mahbuba. Nilikuwa nimeshaanza kulia. Nikamwambia ni kosa langu, mama, nisamehe, ni kosa langu. Akaniuliza kama nimekula. Kisha akasema wanageuza, mzee anaonekana kachoka.

Safwan hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniuliza kama najua mteja amengoja wiki saba na mke mgonjwa wa miguu amekaa kwenye gari saa mbili kwenda na saa mbili kurudi bure. Nikasema najua. Akaniuliza kama dukani kuna mtu mwingine hata mmoja asiyejua maana ya dabal. Nikasema hakuna.

Carol amenipikia ugali. Sikuugusa. Nilijidai kwa mzee yule, Kiswahili changu na Kiswahili chake, nikadhani sisi wawili hatuhitaji kuulizana mara mbili. Na kule juu Jawaher alikuwa amevaa nguo mpya tangu alfajiri, mjukuu ndiye aliyemwambia Bi Mahbuba kwenye simu.

Alhamisi, 21 Agosti

Barua ya onyo. Ya kwanza na ya mwisho, imeandikwa hivyo. Mkataba wangu utaangaliwa upya.

Ijumaa, 22 Agosti

Siku yangu ya kupumzika nimekwenda kwa Mzee Harub na mkewe, Al-Khoudh, kuomba radhi uso kwa uso. Nyumba kubwa, vyumba sita, watu wawili. Binti yao Nawar ameolewa Salala. Mlango ulikuwa wazi, nikapiga hodi, Bi Mahbuba akaniitikia kutoka jikoni.

Yeye alikuwa amekaa kwenye kiti, anachambua mchele. Mzee Harub, yule yule wa kanzu na miwani, alikuwa chini, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Amefunga kikoi, vidole vyeupe. Aliona haya kidogo.

"Tangu magoti yangu yaharibike, yeye ndo mkunaji," Bi Mahbuba akasema. "Anakuna vizuri, lakini ana maswali. Nazi hii au ile, laini au nene."

Nikaomba radhi. Mzee akaendelea kukuna bila kuinua uso, akasema, "Yamekwisha, mwanangu." Bi Mahbuba akasema nikae nile, na akaniagiza nikalete sahani zilizo kwenye meza ya ukumbini.

Brosha ilikuwa hapo mezani. Sikuwa na nia ya kuipekua, imefunguka yenyewe kwa sababu imezoea kufunguka hapo. Ukurasa wa mvuto. Magurudumu mawili, magurudumu manne. Manne yamezungushiwa duara, na pembeni mzee ameandika kwa penseli, kwa Kiswahili, herufi safi za mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali: *jabali, manne tu*. Chini yake tarehe. Ishirini Mei.

Nimesimama na sahani mkononi. Mtu huyu alijua tangu siku ya pili. Na fomu yangu aliisoma kwa kidole.

Nikarudi jikoni nikala wali wa nazi. Njiani kwenye teksi hasira ilinipanda hadi nikamwogopesha dereva. Nimepewa barua ya onyo kwa jambo ambalo mteja aliliona, akaomba maji, akalitilia sahihi.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimefikiri sana. Najua mtu anayesema bado nalinganisha. Ni ndugu yake anayesema mwezi ujao, mama.

Jumanne, 26 Agosti

Amekuja peke yake saa nane mchana, saa ambayo hata paka wa Ghala hawatoki chini ya malori. Akaketi kiti kile kile. Sikumpa kahawa.

"Mzee," nikamwambia, "ukurasa wa pili."

Akavua miwani. "Eh."

"Uliona."

"Nliona. Nlikwambia dabal, ukaandika kebini. Nkataka kusema, nkaomba maji kwanza. Nlipokwisha kunywa nkaona kama Mungu kaniongeza mwezi. Nkatia sahihi."

"Mimi nimepewa barua."

"Najua. Ndo nimekuja."

Mtu huyu ambaye angeweza kuzungumza robo saa juu ya mazulia sasa maneno yalimtoka moja moja.

"Daktari kanikataza kulala juu kule. Moyo. Hewa nyepesi. Kumpeleka ntampeleka, kukaa naye siwezi. Na yeye hashuki. Kakwambia hashuki?"

"Ameniambia hashuki upesi."

"Basi. Nkaichukua brosha. Kila nikimaliza paketi moja naona iko nyengine. Akiniuliza namwambia bado nnalinganisha. Nlimaliza zote, nkaanza upya."

Nilikuwa na hasira naye na nilimwonea huruma, vyote kwa pamoja, na nilichoka kuliko siku zote tangu Mei. Nikamwuliza kama mama anajua.

"Alijua palepale kwa askari. Miaka hamsini na moja, hanijui? Hakunambia kitu. Alisema tu, 'Baba Nawar, umechoka? Turudi ukapumzike.' Siku sita hakulitaja. Leo kwenye chai kanambia, 'Kamtoe lawamani yule mtoto wa watu.' Hilo tu."

Akaomba karatasi. Akaandika kwa Kiarabu ukurasa mzima, kwa mkono, akaupeleka mwenyewe kwa Safwan, akamsomea. Kupitia kioo nilimwona Safwan akiinuka kwenye kiti chake, jambo asilomfanyia mteja. Sijui nini kimeandikwa. Muatasim ameniambia mzee amejiita muongo.

Aliporudi mezani akauliza, "Dabal ya leo iko? Yoyote."

"Iko moja uani, mzee. Nyeupe, standadi. Viti vya kitambaa, haipozi kiti, haina ngazi, haina kitu."

"Inapanda?"

"Inapanda."

"Basi hiyo. Ile nusu fuli ichukueni badala yake."

Hakuipima.

Alhamisi, 4 Septemba

Wamepitia dukani kabla ya safari, nami nilikagua mvuto kwa macho yangu mara nne, Muatasim akanicheka. Sanduku nyuma. Bi Mahbuba alisimama mbele ya mlango wa abiria na mlango ulikuwa juu sana. Mzee Harub akaenda nyuma ya gari akarudi na mbuzi ya nazi. Ameng'oa chuma chake, akagongomea zulia juu ya ubao. Akaiweka chini, akaikanyaga kwanza yeye kuona kama inatikisika, akampa mkono. Bi Mahbuba akapanda hatua moja, ya pili, akakaa.

"Kizuri," akasema, akipapasa kiti cha kitambaa.

Mzee akaifuta mbuzi vumbi, akampakatisha. Nikasimama juani mpaka walipopotea kwenye barabara kubwa.

Saa tano na nusu ujumbe mfupi: *tumepita kwa askari*.

Ijumaa, 12 Septemba

Joto limepungua, au nimezoea.

Jumapili, 28 Septemba

Safwan amenitilia sahihi mwaka mmoja. Amesema nijifunze Kiarabu cha magari. Nimeomba likizo ya Desemba, ameitia sahihi hiyo pia. Nimempigia mama nikamtajia tarehe. Akauliza kama ni tarehe kweli ama ni ya kusema tu.

Jumapili, 12 Oktoba

Mzee Harub amekuja kumwaga oili ya kwanza. Peke yake. Amekonda, na kanzu haikupigwa pasi mgongoni. Kwenye kiti cha abiria kulikuwa na mfuko wa makomamanga, umefungwa mkanda wa usalama.

"Yako," akasema. "Kayachuma Jawaher kwa mkono wake. Mahbuba anakusalimu sana. Anasema sikio la kushoto bado lipo. Ukikaa karibu, anasikia."

"Wanaongea?"

"Tangu asubuhi. Wajukuu wamekimbia nyumba."

Anapanda kila Alhamisi asubuhi, anarudi jioni. Wali wa nazi haupiki tena, mbuzi imebaki juu, na hata ingekuwapo hana wa kumkunia. Alisema hayo akiangalia gari la mtu mwingine. Nikamuuliza mama atashuka lini.

"Hajasema."

Kisha akatoa brosha. Ile ile, imebaki kurasa tatu nne. Akaweka kidole.

"Hii ngazi ya umeme. Standadi inatiwa?"

Nikaenda kuuliza kwa mafundi. Inatiwa, lakini huuzwa mbili, upande wa dereva na wa abiria.

"Miguu yangu mizima," akasema. "Nifungieni wa kulia tu. Nyengine iwekeni huko."

Wamemfungia. Imechukua mpaka alasiri, naye amekaa uani kwenye kivuli cha ukuta akiwaangalia mafundi, bila swali hata moja. Walipokwisha nikamwambia ajaribu. Akafungua mlango wa abiria, ngazi ikashuka. Akaufunga, ikapanda. Akaufungua tena, ikashuka, akasimama akiitazama pale chini, hakuna mtu wa kuikanyaga.

"Mzee," nikamwambia, "ukiuacha wazi hivyo betri itaisha."

"Ikisha," akasema, "ntakuja tena."

Nikamwambia karibu.